Khofu Inakaa Kwenye Figo

Kazi yangu, miaka yote ile, ilikuwa kusema maneno ya watu wengine. Mgonjwa alisema kwa Kiarabu au kwa Kiswahili, mimi nikayapeleka kwa Daktari Mei kwa Kiingereza. Daktari Mei akajibu kwa Kiingereza chake kifupi, mimi nikayarudisha. Sasa nimestaafu, niko kwangu Sib, huku Oman, na nyinyi mliobaki pale kliniki mnanipigia simu kuniuliza hili namna gani na lile namna gani, nikaona kheri niyaandike mara moja. Vyeo sitavitaja, maana havikuwepo, na mshahara kila mtu anaujua wake. Ntaanza na siku ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza nliogopa, na khofu ndiyo khasa nnayotaka kuizungumza.

Kliniki ilikuwa kwenye villa moja ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, Maskati, nyuma ya maduka. Nlipofungua mlango nikakutana na moshi. Nikadhani nyumba inaungua, nikawa natafuta ndoo. Kumbe nyuma ya pazia Daktari Mei kashika kijiti cha majani makavu kinachofuka, anakipitisha juu ya kiuno cha bibi mmoja, na yule bibi kalala zake anakoroma.

Daktari Mei alikuwa mwanamke mfupi, rika langu, nywele kazikata kama mtoto wa skuli. Alikuja Maskati kutoka China kwa mkataba, mkataba ukaisha, yeye akabaki. Aliponiona nazitazama sindano zake za tiba ya Kichina kwa jicho baya, alikunja suruali, akajidunga mwenyewe chini ya goti, akaniambia nitazame vizuri. Halikutoka hata tone la damu. "Ukiogopa wewe," akaniambia, "mgonjwa ataogopa mara mbili." Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Alinifundisha mengi bila kunisomesha. Kile kimto kidogo cha kuwekea mkono wakati wa kusikiliza mapigo kiwe kikavu daima, kwa sababu mkono ukikutana na unyevu hushtuka, na mapigo hushtuka nao. Vikombe vya kioo, vile anavyobandika migongoni, vioshwe kwa maji ya moto, vifutwe, visiachwe vikauke wenyewe. Na anaposikiliza mapigo, mimi ninyamaze na mgonjwa nimnyamazishe. Hili la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Watu wetu hawawezi kukaa na mtu kashika mkono wao bila kumuuliza watoto hawajambo.

Kanuni nyingine ilikuwa ya mdomo wangu. Nisipunguze neno, nisiongeze. Mgonjwa akisema uongo, nimpe daktari uongo ule ule kama ulivyo, kwa kuwa uongo nao una khabari zake. Na linalosemwa nyuma ya pazia linabaki nyuma ya pazia. Kila mgonjwa mgeni nlimwambia hivyo mwenyewe kabla hajavua viatu. Maskati ni mji mdogo kuliko unavyoonekana ukiwa barabarani, na sisi tuliotoka Unguja na wenzetu waliotoka bara tumeshaoana mpaka hakuna asiyemjua shangazi wa mwenzake.

Neno lililonisumbua kuliko yote lilikuwa figo. Kwa Wachina figo si vile viungo viwili tu vya mgongoni. Daktari Mei alivyonieleza, ndimo inamowekwa akiba ya uhai ambayo mtu kazaliwa nayo. Figo inatawala mifupa, magoti, nywele, masikio, uzazi na maji yote ya mwilini, na uzee ni ile akiba kupungua. Tena kila kiungo kina hisia yake. Ini lina hasira, mapafu yana huzuni, na figo ina khofu. Khofu inashuka chini, alisema, inavuta nguvu za mtu kwenda chini, na mtu anayeishi na khofu siku zote anaila akiba yake.

Sasa yeye akisema mgonjwa ana figo dhaifu, makusudio yake ni kuwa mtu huyo kachoka, halali vizuri, magoti yana baridi. Lakini mgonjwa akisikia figo anaona hospitali. Mara ya kwanza nlitafsiri neno kwa neno, bibi mmoja akaanza kulia pale pale na kuwausia wanawe nani achukue dhahabu ipi. Tangu siku hiyo, kwa ruhusa ya Daktari Mei, nkawa nasema, "Figo kwa maneno ya Kichina, si figo za hospitali." Wanaume nao walikuwa na lao. Walikuja wakiuliza habari ya figo kwa sauti ya chini, wakiutazama mlango, wakitaja "nguvu". Nikiwauliza nguvu za miguu au za mikono, walivuta kofia mbele. Daktari Mei aliwaambia wote walale mapema, wapunguze chumvi, wasilale chini ya kiyoyozi. Maskati haina baridi, alikuwa akisema, ila ile watu wanayoinunua.

Hata hivyo alikuwa na mpaka wake. Kila aliyelalamikia mgongo na uchovu alimbonyeza kwa kidole mbele ya muundi wa mguu. Alimuuliza kama mkojo una povu, na akampima shinikizo la damu kwa mashine ya kawaida kabisa, ya dukani. Akiona asilolipenda, alilifunga kopo la sindano na kumpeleka mtu hospitali. Wengine walikasirika. Mmoja alimwambia kwamba kama ni hospitali anaijua njia yake. Daktari Mei alimjibu kuwa hiyo ni khabari njema, basi hatapotea.

Nnakuja kwa Khalfan.

Khalfan alikuwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu Zuwena. Watu wake walitoka Tabora, na Kiswahili chake kilibaki cha huko. Alikuwa na gereji Wadi Kabir, mtu mkubwa, mcheshi, mikono kama koleo. Asubuhi moja aliingia kliniki bila ya kunipigia simu. Alikaa mapokezi na wageni wengine kama hatujuani, na ilipofika zamu yake nikaona anavua viatu kwa taabu. Miguu ilikuwa imejaa, soksi zimeacha alama kama zimefungwa kwa kamba.

Alisema mgongo unamuuma, mwili unamwasha, na chakula kina ladha ya chuma. Alisema ameshaanza dawa ya figo ya Kichina, vidonge vyeusi ambavyo mtu mmoja msafiri alimuuzia pale gereji, vya kutia nguvu, na sasa anataka Daktari Mei amalizie kazi. Daktari Mei alitazama ulimi, akashika mkono, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Halafu akambonyeza muundi. Kidole kilizama, na alipokiondoa shimo likabaki.

Akaniambia nimuulize lini alipima damu mara ya mwisho.

Khalfan hakumtazama daktari, alinitazama mimi. "Shemeji, mwambie nimeshapima, na damu yangu haina tatizo lolote."

Nikasema kwa Kiingereza, "Anataka nikwambie kuwa keshapima na damu yake haina tatizo." Daktari Mei alinitazama mimi, akamtazama yeye, akalifunga kopo la sindano. Alisema leo hakuna sindano. Alisema hili si la kwake, aende hospitali leo, asingoje kesho, na vile vidonge aviache.

Nlipomfikishia, uso wake ulilegea wote. Kaka yake mkubwa aliwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na hakuishi. Mimi nlimtembelea hospitali, na nlikuwepo msibani. Khalfan alivaa soksi pole pole, akasema sawa, atakwenda. Mlangoni akageuka.

"Ya humu ndani ni ya humu ndani. Si ndivyo unavyowaambia watu?"

Nikamwambia ndivyo.

"Basi Zuwena asijue."

Hakwenda hospitali. Nlijua hakwenda kwa sababu Ijumaa ile, kama kila Ijumaa, nlikula kwa Zuwena, na Khalfan alikuwa pale mezani akijikuna mikono chini ya kanzu. Nguru wa kupaka aliwekwa mbele yake, akamvunja vunja kwa kidole, akamsogeza pembeni. Zuwena alimtazama, akanitazama mimi. Mdogo wangu si mtu wa kelele. Alimimina maji, akasema, "Da Salma, hebu mpeleke kwa Mchina wako akamtazame. Mimi hanisikii."

Khalfan aliinamia sahani yake. Nikasema, "Inshallah," neno ambalo linafaa kwa kila jambo na halimwambii mtu kitu.

Nliishi na khofu ile kwa wiki kadhaa, na nataka mjue ilivyo, kwa sababu hakuna atakayekufundisheni. Simu ikilia naitazama kwanza kabla ya kuipokea. Nikikaa kliniki namtafsiria mtu kuhusu magoti yake, sauti yangu mwenyewe naisikia kama ya jirani. Nikienda kwa Zuwena natazama miguu ya mumewe kabla ya kutoa salamu. Kila Ijumaa alikuwa kapungua usoni na kajaa miguuni. Siku moja alisinzia katikati ya mazungumzo, na pumzi zake zilikuwa na harufu ambayo nliitambua kutoka kwa kaka yake.

Nikamwambia Daktari Mei siwezi tena. Nlimuomba aniruhusu nimwambie mdogo wangu. Alikuwa anapanga vikombe, hakuacha kupanga. Alisema hapana, siri si yake wala si yangu, ni ya mgonjwa. Nikamuuliza, mgonjwa akifa nayo je. Akaviacha vikombe. Alivua koti jeupe, akakumbuka kitu, akalivaa tena, akaniambia nimpeleke aliko. Tuliweka tangazo mlangoni kwamba tumefunga, tukachukua teksi.

Kama hamjawahi kumuona daktari wa Kichina na koti jeupe akiruka madimbwi ya oili Wadi Kabir mchana wa jua kali, basi mmekosa kitu. Mafundi waliacha spana mkononi. Khalfan alikuwa chumba cha nyuma, kakaa juu ya kiti kilichotolewa ndani ya gari, kakaa wima kwa sababu akilala pumzi zinakatika. Kopo la vidonge lilikuwa miguuni pake.

Daktari Mei alilichukua. Alikipasua kidonge kimoja, akanusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema kwenye kitambaa. Alilifunga kopo, akalifungua tena. Sikuwahi kumuona hivyo. Alisema hajui ndani mna nini. Alisema iko mizizi ambayo zamani kwao watu walipewa kama dawa, na mizizi hiyo ikawa inakula figo zenyewe, na sasa imekatazwa. Huenda ni hiyo, huenda si hiyo. Kwa ulimi hakuna anayeweza kujua.

Khalfan alisikiliza tafsiri yangu mpaka mwisho. Akasema yeye alidhani vyote ni kitu kimoja, vidonge vile na dawa za Daktari Mei, kwa sababu maandishi yanafanana.

Halafu akaanza kusema kuhusu kaka yake, akimtazama Daktari Mei moja kwa moja. "Kaka yangu aliingia kwa miguu yake. Alikuwa anatania manesi. Wakamfunga kwenye ile mashine, mara ya tatu au ya nne akatoka amefunikwa shuka. Mwambie mimi siogopi kufa. Naogopa kuingia mlango ule."

Nikamwambia Daktari Mei yote, na la mlango. Yeye alivuta ndoo, akaipindua, akaikalia, wakawa magoti kwa magoti. Alisema kwao wanafundisha kuwa khofu na figo ni nyumba moja, kwa hiyo yeye hawezi kumwambia mwenye figo mbovu asiogope, itakuwa kama kumwambia mwenye kikohozi asikohoe. Aogope tu. Lakini aogope huku anakwenda. "Mimi pia naogopa," alisema. "Twende tunaogopa."

Hilo nlilitafsiri, halafu kwa mara ya kwanza katika kazi yangu nikaongeza langu. Nlimwambia, "Shemeji, Zuwena anajua unaumwa. Asichokijua ni unaumwa nini. Kila Ijumaa ananiuliza kwa macho, na mimi nala chakula chake."

Nje mtu aliwasha gari likakataa, likawashwa tena. Khalfan akamnyooshea kidole Daktari Mei. "Atakuja na mimi huyo?"

Sikuhitaji kutafsiri. Daktari Mei alikuwa keshasimama.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana, binti wa Kiomani mwenye miwani, mpole, mwenye haraka. Alichukua damu, akampa mgonjwa hewa ya puani, akauliza kwa Kiarabu anatumia dawa gani. Kopo lilikuwa ndani ya mkoba wa Daktari Mei, na nlijua anavyofikiri kwa sababu na mimi nlikuwa nafikiri hivyo hivyo. Mchina na koti jeupe, kopo la vidonge vya Kichina, mgonjwa kajaa maji. Kibali chake cha kazi kingeweza kuishia pale. Alifungua mkoba, akaliweka kopo juu ya meza.

Binti yule akauliza kama yeye ndiye aliyempa. Nikatafsiri.

"Hapana," Daktari Mei akasema. "Lakini mgonjwa hawezi kujua tofauti yake na zangu. Kwa hiyo nimekuja."

Binti akavuta kiti, akamwambia akae. Wakazungumza wao wawili kwa Kiingereza, na kwa mara ya kwanza sikuwa na kazi.

Majibu yalikuwa mabaya. Figo zilikuwa karibu zimekwisha. Huenda shinikizo la damu lilikuwa linazila kwa miaka bila ya yeye kujua, na vidonge vikamalizia. Huenda vidonge peke yake. Hakuna aliyeweza kusema. Kilichosemwa wazi ni kuwa angechelewa kidogo tu moyo ungesimama, na kwamba mashine ni leo.

Khalfan mwenyewe ndiye aliyempigia mkewe. Zuwena alifika na abaya kaivaa juu ya nguo za jikoni. Aliingia kwa mumewe, akakaa naye, akatoka. Alinikuta ukumbini.

"Ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaniambia nimpeleke."

Alifunga mtandio vizuri, akanipita.

Khalfan aliingia mlango ule akitetemeka, na akatoka hai. Akaingia tena, na tena, na kila mara alitetemeka. Hakuzoea hata siku moja, na mkojo wake ukakatika kabisa. Zuwena alikuwa akimpeleka mwenyewe. Mimi nlikuwa nazipata khabari kwa wanawe. Ijumaa nlikula kwangu. Daktari Mei alikuwa akiniuliza hali ya mgonjwa kila asubuhi, na watu waliposikia wakaja kumuomba mchanganyiko wa majani wa kumsaidia, aliwakatalia wote. Aliagiza kwamba Khalfan asinywe hata jani la chai lisilojulikana hospitali. Kwa mtu aliyeishi kwa majani, hilo halikuwa neno jepesi.

Mtaniuliza kama leo ningefanya vingine. Nimelifikiri sana. Siwezi kukuambieni mvunje siri ya mgonjwa, na siwezi kukuambieni kuwa kuitunza hakuna gharama. Mimi ilinigharimu mdogo wangu, karibu mwaka mzima.

Halafu nikasikia Zuwena anataka kumpa mumewe figo yake. Wanawe walijitolea kwanza, Khalfan akawakatalia kabisa. Zuwena hakumuuliza. Alikwenda kupimwa, damu zikakubaliana, akamwambia tarehe. Nlipoambiwa, khofu niliyokuwa nayo kabla ikawa kama mchezo. Mama yetu alituacha sisi wawili tu. Nlimuona kichwani mwangu kapasuliwa, mzima, bila ya ugonjwa wowote, na nikakumbuka kila hadithi mbaya niliyoisikia nyuma ya pazia. Nlitaka kwenda kumkataza, lakini sikuwa na mlango wa kuingilia.

Asubuhi ya upasuaji, mwanawe mkubwa alinipigia akasema mama ananitaka. Nlikwenda, Daktari Mei akanifuata bila ya kuulizwa. Zuwena alikuwa keshavaa lile gauni la hospitali, nywele kazifunga, na mikono yake ilikuwa ya baridi sana. Hakuniomba radhi wala mimi sikumuomba. Alinivuta karibu.

"Wewe unajua kunyamaza," aliniambia. "Leo sitaki. Nikifungua macho nikukute wewe, si daktari, si watoto. Na chochote kitakachokuwa kimetokea kwa Khalfan, uniambie pale pale. Hata kama kafa."

Nikamwambia ntamwambia.

Wakamchukua Zuwena kwanza, halafu Khalfan, aliyekuwa analia waziwazi bila ya kujificha. Mlango ukafungwa. Mimi na Daktari Mei tulikaa ukumbini. Nlisoma nnachokijua chote, nikarudia. Yeye hakuwa na cha kusoma, alikaa kanishika mkono, na kila mlango uliposukumwa vidole vyake vilinibana. Hakuna aliyemwambia mwenzake asiogope.

Zuwena walimtoa kwanza. Walimweka chumba chenye pazia, nikaruhusiwa kusimama kichwani kwake. Kwa Khalfan walikuwa hawajamaliza, halafu wakamaliza, halafu nesi akaja akaninong'oneza, akaondoka. Nlisimama pale nikiwa nimeyashika maneno yale, nikiogopa yasije yakaharibika kabla hajaamka.

Alifungua macho. Aliyafumba, akayafungua tena, akanitafuta. Midomo ilikuwa mikavu, sauti haikutoka, lakini nlijua anauliza nini.

Nikamuinamia sikioni, nikamwambia, "Anakojoa."